Pafu Likikatwa, Moyo Unabebeshwa Nini?

Mgonjwa anayeandaliwa kukatwa sehemu ya pafu hushangaa anapokabidhiwa karatasi ya kwenda kupimwa moyo. Alikuja na kikohozi, picha ya kifua ikaonyesha kivuli, na tangu siku ya kwanza mazungumzo yote yamekuwa ya pafu. Sasa anaambiwa alalie ubavu wa kushoto, apakwe jeli ya baridi kifuani, na moyo wake utazamwe kwenye skrini ukidunda. Ndugu aliyemsindikiza huuliza swali lenye mantiki kabisa: kama kinachokatwa ni pafu, moyo unaingiaje? Jibu fupi ni kwamba moyo hauna habari na hewa iliyomo ndani ya pafu. Unachokijua ni mtandao wa mishipa ambao damu yote ya mwili hulazimika kuupitia, na anayepunguza pafu hupunguza njia ya damu hiyo. Jibu refu lina mizunguko, kwa sababu upasuaji wa aina hii unaweza kuudhoofisha moyo, unaweza kuusumbua kwa siku chache tu, na kwa wagonjwa fulani ndio unaounusuru.

Kwanza tuuangalie moyo wenyewe. Ni pampu mbili zilizojengwa ukuta kwa ukuta. Ya kushoto husukuma damu kwenda mwilini kote, kwa shinikizo la wastani linalokaribia milimita 90 za zebaki. Ya kulia husukuma damu kwenda kwenye mapafu tu, kwa shinikizo la wastani la milimita 15 hivi. Kiasi cha damu ni kilekile pande zote mbili, takriban lita 5 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kinachotofautiana ni upinzani wa njia. Mishipa ya mapafu ni mifupi, laini na mingi mno, kwa hiyo ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha upande huo, hufanya kazi yake bila kukaza sana misuli. Ukuta wake una unene wa milimita 3 hadi 5, wakati wa jirani yake wa kushoto hukaribia sentimita 1. Ukiiongezea damu, hutanuka na kuipokea bila manung'uniko. Ukiipandishia shinikizo ghafla, huelemewa mapema, maana haikujengewa kazi hiyo.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Athari za upasuaji wa mapafu kwa moyo, kwa sehemu kubwa, ni habari za ventrikali ya kulia, ambayo hata baadhi ya vitabu vya zamani vya tiba viliichukulia kama mfereji tu wa kupitishia damu.

Mkazi wa Dar es Salaam anayekumbuka foleni za Daraja la Selander kabla ya Daraja la Tanzanite kufunguliwa mwaka 2022 hahitaji kuchorewa picha. Saa nane za usiku, daraja moja lilitosha kabisa na dereva aliweza kuapa kwamba hakuna tatizo. Saa moja asubuhi ukweli ulijitokeza. Pafu zima likiondolewa, damu yote iliyokuwa ikigawana njia mbili hulazimika kupita kwenye moja. Mgonjwa akiwa amelala, shinikizo kwenye ateri ya pafu lililobaki, yaani mshipa mkubwa unaolipelekea damu, mara nyingi huwa karibu na la kawaida, kwa sababu pafu lenye afya lina kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu, nyingi ambazo wakati wa mapumziko hazina kazi, na hizo hufunguka kupokea wageni. Lakini kapilari hizohizo ndizo akiba ambayo mtu mzima wa afya huitumia anapokimbia au kupanda mlima, pale moyo unapotoa lita 15 au zaidi kwa dakika badala ya 5. Aliyepoteza pafu moja ameshaanza kuila akiba hiyo akiwa kitandani. Akianza kupanda ngazi, shinikizo hupanda pamoja naye. Ndiyo maana kipimo cha eko, ile picha ya moyo kwenye skrini, kilichofanywa mgonjwa akiwa amejilaza kinaweza kusema moyo uko sawa, mgonjwa akasema hawezi kumaliza ngazi za ghorofa moja, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kuna jambo jingine la ujenzi ambalo halina budi kutajwa. Ventrikali mbili hugawana ukuta wa katikati na zimefungwa pamoja ndani ya utando mmoja usiovutika kwa urahisi. Ya kulia ikivimba kwa kuelemewa, ukuta huo husukumwa upande wa kushoto, nafasi ya ventrikali ya kushoto ikapungua, damu inayojaa humo ikawa kidogo, na shinikizo la damu mwilini likashuka. Shinikizo hilo likishuka, mishipa inayoilisha misuli ya moyo nayo hupata damu pungufu, na ya kwanza kuonja njaa ni ileile ventrikali ya kulia iliyoelemewa. Mzunguko huu ukishaanza kujilisha, kuukatiza ni kazi ngumu, na daktari wa usingizi huanza kujihami nao kabla kisu hakijagusa ngozi.

Majaribu huanzia kwenye meza ya upasuaji. Ili mpasuaji apate nafasi ya kufanya kazi, mgonjwa aliye ndani ya nusukaputi hulazwa ubavu, kisha pafu linalopasuliwa hunyimwa hewa likasinyaa, na jingine hubeba kazi peke yake kwa msaada wa mashine. Pafu lililosinyaa linayo busara yake: mishipa iliyo kwenye eneo lenye oksijeni kidogo hujikaza yenyewe, damu ikaelekezwa kwenye pafu linalopumua. Wanasayansi wa Sweden, von Euler na Liljestrand, walilieleza jambo hilo mwaka 1946 baada ya kuchunguza paka. Kwa oksijeni ya damu ni msaada mkubwa. Kwa ventrikali ya kulia ni upinzani ulioongezeka. Msomaji aliyefuatilia safari za Papa Francis, ambaye akiwa kijana mwaka 1957 alikatwa sehemu ya pafu la kulia, huenda anakumbuka kwamba mwaka 2015 alipofika La Paz, Bolivia, mji ulio zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, alikaa saa chache tu akaendelea na safari. Hewa nyembamba ya milimani hukaza mishipa ya mapafu kwa njia hiyohiyo, na mwenye mishipa pungufu hana sababu ya kuijaribu bahati yake. Hata hivyo Papa huyo aliishi hadi miaka 88, na miongoni mwa safari zake zilikuwamo za Nairobi na Kinshasa.

Kabla ya kuliondoa pafu zima, wapasuaji wengi huibana kwanza ateri yake kwa dakika kadhaa, macho yakiwa kwenye mashine. Kama shinikizo la mapafu linaruka na la mwili linaanguka, ni heri kuachia na kufikiri upya. Wazo hili ni la kale kama upasuaji wenyewe. Tarehe 5 Aprili 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, Evarts Graham alimfungua kifua daktari wa uzazi aliyekuwa na saratani ya pafu la kushoto, akakuta kwamba kukata sehemu tu hakutatosha. Aliibana mishipa ya mzizi wa pafu kwa muda mfupi, akatazama kama mgonjwa atabadilika, na alipoona ametulia akaliondoa pafu lote kwa mkupuo. Mgonjwa huyo aliishi miaka 30 mingine. Graham mwenyewe, mvutaji sigara aliyekuja kushirikiana na Ernst Wynder kuchapisha mwaka 1950 utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1957, akimwacha mgonjwa wake hai.

Leo pafu zima huondolewa pale tu pasipo na njia nyingine. Upasuaji wa kawaida zaidi ni wa kuondoa lobu moja, yaani moja kati ya sehemu kuu tatu za pafu la kulia au mbili za kushoto, na kwa uvimbe mdogo hata kipande cha lobu. Majaribio makubwa yaliyofanywa Japan na kuchapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kwa saratani isiyozidi sentimita 2, iliyo pembezoni mwa pafu, kukata kipande hakukupunguza maisha ya wagonjwa kulinganisha na kuondoa lobu nzima. Kwa moyo, kila kipande kinachobaki ni mishipa inayobaki. Lakini isidhaniwe kwamba lobu moja haina gharama. Watafiti wa Glasgow waliowapiga wagonjwa picha za MRI kabla na baada ya upasuaji waliona uwezo wa ventrikali ya kulia wa kutoa damu kwa kila pigo ukishuka siku ya pili, na miezi miwili baadaye ulikuwa bado haujarudi ulipokuwa. Wala kufanyia kazi kupitia matundu madogo hakubadilishi hesabu hiyo. Matundu hupunguza maumivu na kuharakisha kupona, na hilo si dogo, lakini idadi ya mishipa iliyokatwa ndani ni ileile.

Tatizo la moyo linaloonekana mara nyingi zaidi wodini, hata hivyo, si kuchoka kwa ventrikali bali ni kuvurugika kwa mapigo. Huja kwa kawaida usiku wa pili au wa tatu, wakati ndugu wameshaanza kupumua na mgonjwa ameshakunywa uji. Anasema kifua kinapapatika. Muuguzi akishika mkono wake anahisi mapigo yanayokimbia bila mpangilio, moja zito, mawili mepesi, kisha pengo. Kwenye mashine namba inaruka kutoka 110 hadi 150 na kurudi. Vyumba vya juu vya moyo vimeacha kujikaza kwa pamoja na vinatetemeka tu. Hali hii huwapata takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hadi mmoja kati ya watano waliokatwa lobu, na kwa waliopoteza pafu zima idadi inaweza kufika wanne kati ya kumi. Sababu zake zimeshikana: uvimbe unaotokana na jeraha, homoni za msongo zinazomwagika kwa sababu ya maumivu, neva zilizoguswa au kukatwa karibu na moyo, vena za pafu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizofungwa pale zinapoingia kwenye chumba cha juu cha kushoto, na chumba cha juu cha kulia kilichotanuka kwa kurudishiwa shinikizo. Umri mkubwa huongeza hatari kuliko karibu kila kitu kingine.

Kwa wengi mtetemo huu huisha wenyewe au kwa dawa ndani ya siku au wiki chache. Aliyekuwa akitumia dawa za jamii ya beta bloka, zinazopunguza kasi ya mapigo, kabla ya upasuaji hapaswi kukatishwa, maana kuzisimamisha ghafla ni kuualika mtetemo huo. Amiodaroni, dawa nyingine ya kurekebisha mapigo, hufanya kazi, lakini dawa hiyo ina rekodi ya kudhuru mapafu, kwa hiyo aliyebakiwa na pafu moja hupewa kwa tahadhari. Mtetemo ukiendelea, hofu kubwa ni kiharusi, kwa kuwa damu isiyosukumwa vizuri huganda. Waliokatwa lobu ya juu ya kushoto wana jambo lao la ziada: kishina cha vena kinachobaki upande huo huwa kirefu kuliko pengine, damu hutuama ndani yake, na tonge la damu linaweza kujijenga humo hata bila mapigo kuvurugika. Udhaifu wa ghafla wa mkono au mdomo kwenda upande, kwa mgonjwa wa aina hii, ni wa kukimbizwa hospitali saa ileile.

Niseme kidogo kuhusu dripu, kwa sababu huleta malalamiko yasiyo na sababu. Kwetu chupa inayoning'inia ni ushahidi kwamba mgonjwa anahudumiwa, na ndugu wakikuta imeondolewa mapema huanza kunong'ona. Kwa aliyekatwa pafu, ubahili wa maji ni tiba. Kapilari zimepungua, mirija ya limfu inayokausha pafu imejeruhiwa, na kila lita ya ziada ni mzigo kwa ventrikali ya kulia na hatari ya maji kuvujia kwenye pafu pekee lililobaki, hali ambayo baada ya kuondolewa pafu zima huua wengi wanaoipata. Vivyo hivyo kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba anayemlazimisha mgonjwa kukaa, kukohoa na kupuliza akiwa na maumivu. Anaonekana mkatili. Lakini sehemu ya pafu isiyopanuliwa husinyaa, iliyosinyaa hukosa oksijeni, iliyokosa oksijeni hukaza mishipa, na mishipa iliyokazwa humrudia mhusika wetu yuleyule, ventrikali ya kulia. Mimi naihesabu saa ya kukohoa kuwa tiba ya moyo sawa na vidonge, na dawa ya maumivu inayoiwezesha vilevile.

Baada ya pafu zima kuondolewa kuna athari nyingine, ya moyo kuhama mahali pake. Nafasi iliyoachwa hujaa hewa kwanza, kisha majimaji huipanda taratibu kwa wiki na miezi, na vilivyomo katikati ya kifua huvutwa kuelekea huko. Daktari akiweka kidole mahali pa kawaida pa kusikia pigo hakuti kitu. Karatasi ya umeme wa moyo nayo hubadilika sura bila ugonjwa wowote. Kwa wengi hili halina madhara. Hatari kubwa, ingawa ni nadra, hutokea pale utando wa moyo ulipokatwa ili kuufuata uvimbe na tundu lake halikuzibwa: mgonjwa akigeuzwa ubavu au akikohoa kwa nguvu, moyo unaweza kuchomoza kupitia tundu hilo, mishipa mikubwa ikajisokota, na shinikizo likaanguka ndani ya dakika. Dawa yake ni kurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Ndiyo maana wauguzi huwa wakali kuhusu namna ya kumgeuza aliyeondolewa pafu, na mrija wake wa kifuani hauunganishwi na mashine ya kufyonza.

Hayo yote yanamhusu mtu ambaye pafu lililokatwa lilikuwa bado linafanya kazi. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa upasuaji huu wana historia tofauti: kifua kikuu kilitibiwa, vijidudu vikafa, lakini pafu likabaki gofu lenye mapango, likitoa usaha au damu, pengine na kuvu wameota ndani. Kwa hao moyo mara nyingi hustahimili kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa damu iliacha kupita kwenye gofu hilo miaka mingi iliyopita na upande wa kulia wa moyo umekwisha kuzoea njia moja. Ugumu wao upo kwingine. Makovu hunata kifuani, na mishipa midogo itokayo kwenye mkondo mkuu wa mwili, yenye shinikizo kubwa, hutanuka kuzunguka mapango, ndiyo inayomwaga damu mgonjwa anapokohoa na pia mpasuaji anapokata. Lakini kama na pafu la pili lina makovu, au mgonjwa amepikia kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha kwa miaka 30, shinikizo la mapafu linaweza kuwa limeshapanda kabla ya yote, na hapo ile eko iliyomshangaza ndugu ndiyo inayoamua kama kutakuwa na upasuaji.

Kisha kuna wale ambao upasuaji wa mapafu huwapunguzia mzigo moyoni. Mwenye emfizema ana mapafu yaliyojaa hewa isiyotoka, yamevimba hadi kuubana moyo na kuzuia damu kurudi kifuani. Kukata sehemu zilizoharibika zaidi huipa nafasi iliyobaki ipanuke, na moyo nao ujae vizuri. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2003, lililohusisha wagonjwa 1,218, lilionyesha ni nani ananufaika, hasa wenye ugonjwa uliokaa lobu za juu na uwezo mdogo wa mazoezi, na ni nani asiguswe kabisa. Mwenye matonge ya damu ya muda mrefu ndani ya ateri za mapafu anaweza kufunguliwa na kukwanguliwa mishipa, na ventrikali ya kulia iliyokuwa imetanuka ikaanza kurudi umbo lake. Hata aliyepandikizwa mapafu mawili kwa sababu ya shinikizo la mapafu kwa kawaida haongezewi moyo mpya, maana ventrikali ile dhaifu ikiondolewa upinzani hujikwamua.

Kwa hiyo kabla ya upasuaji swali ni akiba. Hesabu ya awali huanza na hewa: mapafu yote mawili huhesabiwa kuwa na vipande 19, na mtu anayepuliza lita 2 katika sekunde ya kwanza, akiondolewa lobu ya juu ya kulia yenye vipande 3, hutarajiwa kubaki na kama lita 1.7, akiondolewa pafu zima la kulia, hushuka chini ya lita 1. Hesabu hiyo ni nzuri ila haioni mishipa wala moyo. Ndiyo sababu mashaka yakiwapo mgonjwa hupandishwa baiskeli ya maabara na kupimwa oksijeni anayotumia: zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika hutia moyo, chini ya 10 hufanya wapasuaji watafute njia nyingine. Pasipo baiskeli kuna ngazi. Mgonjwa hupanda kwa mwendo wake, mhudumu nyuma yake akiwa na kifaa cha kidoleni, akihesabu ghorofa. Anayepanda mita 22 kwenda juu, sawa na ghorofa saba hivi, bila kusimama, ameonyesha kwamba mapafu, moyo na miguu vinafanya kazi pamoja. Anayesimama kwenye ghorofa ya pili na oksijeni yake imeshuka kwa zaidi ya asilimia 4 ametoa taarifa ambayo eko ya kitandani isingeitoa.

Kipimo hichohicho cha ngazi anaweza kukiendeleza mwenyewe akirudi nyumbani. Katika miezi mitatu ya kwanza uchovu ni wa kawaida na hupungua wiki hadi wiki. Akiona ngazi alizozimaliza mwezi uliopita zinamshinda sasa, viatu vinabana jioni, au mishipa ya shingo imetokeza akiwa ameketi wima, arudi kliniki, na safari hii aombe moyo upimwe baada ya kutembea.